Mboga za Nyumbani na Wakulima wa Jirani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Dar es Salaam na Pwani

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila majirani wanaponikuta nimeinama kwenye tuta, na kila tunapokutana gengeni jioni tukizungumzia bei ya nyanya. Majibu yameandikwa kwa mazingira ya Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, yaani joto, udongo wa kichanga, mvua za masika na vuli, na maji ambayo mara nyingi yana chumvi. Msomaji wa Lushoto au Mbeya atalazimika kuyarekebisha. Pale swali moja linapogusa lingine, namba ya swali hilo imetajwa.

## Kuanza

1. Sina shamba, nina uwanja mdogo wa nyuma ya nyumba. Je, unatosha?

Unatosha kwa mboga za majani, ila hautoshi kwa chakula chote cha nyumbani, na ni vizuri kulijua hilo mapema ili usikate tamaa. Kwangu matuta matatu, kila moja likiwa na upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, huwapatia watu watano mboga ya majani siku tatu au nne za wiki, mradi yapandwe kwa kupishana na si yote kwa siku moja.

Jambo la kuangalia kabla ya ukubwa ni jua. Mboga nyingi zinahitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 hivi kwa siku. Uwanja mpana uliofunikwa na mwembe utakupa mavuno hafifu kuliko ukanda mwembamba wa kando ya ukuta unaopigwa na jua kuanzia asubuhi hadi mchana. Kaa siku moja ya mapumziko uangalie kivuli kinavyotembea, ndipo uchukue jembe.

2. Nianze na mboga gani?

Anza na matembele. Hayahitaji mbegu wala kitalu: unaomba marando kwa jirani, unayakata vipande vya sentimita 30 hivi, unafukia vifundo viwili au vitatu ardhini na kumwagilia. Baada ya wiki nne hadi tano unaanza kuchuma ncha, na kadiri unavyochuma ndivyo yanavyochipua. Hata aliyesahau kumwagilia siku mbili huyakuta bado yapo.

Mboga ya pili iwe mchicha, ambao unang'olewa au kukatwa ndani ya wiki tatu hadi nne, na kwa hiyo unakufundisha haraka makosa yako. Ukishazizoea mbili hizo, ongeza sukuma wiki, chainizi, spinachi, bamia na nyanya chungu. Mnavu na mgagani pia vinastawi vizuri kwetu, na ni masikitiko kwamba watu wengi wa mjini wamesahau namna ya kuvipika. Nyanya ziache hadi msimu wa pili au wa tatu, kwa sababu zilizoelezwa katika swali la 13.

3. Fungu la mchicha linauzwa bei ndogo gengeni. Kwa nini nihangaike kulima?

Anayehesabu shilingi peke yake huenda akaona faida ndogo, hasa kama analipia maji ya bomba. Faida kubwa iko kwenye ubichi. Jani la mboga huanza kupoteza maji na vitamini C tangu linapokatwa, na joto la Dar es Salaam huharakisha upotevu huo. Mchicha uliokatwa saa kumi alfajiri, ukafungwa mafungu, ukabebwa kwenye beseni na kukaa gengeni ukinyunyiziwa maji hadi saa kumi na mbili jioni si mboga ile ile na mchicha uliokatwa maji ya ugali yakiwa tayari jikoni. Aliyeonja yote mawili siku moja haulizi tena swali hili.

Kutokana na hilo nimejiwekea utaratibu ambao ndio msingi wa majibu mengi yafuatayo: kinachonyauka haraka nakipanda nyumbani, na kinachostahimili safari nakinunua kwa mkulima. Vitunguu, viazi, karoti, kabichi na maboga sivipandi kabisa. Wako watu wanaovilima vizuri kuliko nitakavyoweza, katika hali ya hewa inayovifaa, na fedha yangu inawafaa wao zaidi.

4. Nipande wakati gani?

Mboga za majani hupandwa mwaka mzima kama maji yapo. Masika, kati ya Machi na Mei, huleta mvua nzito ambazo huzamisha mbegu ndogo na kuchafua majani kwa udongo, kwa hiyo wakati huo inua matuta hadi sentimita 20 au zaidi na tandaza nyasi kavu. Kipindi cha Juni hadi Septemba, ambapo kuna ubaridi kidogo na ukavu, ndicho kizuri kuliko vyote kwa chainizi, sukuma wiki na nyanya. Januari na Februari ni miezi ya jua kali. Hapo matembele, mchicha na bamia huvumilia, lakini chainizi hukimbilia kutoa maua kabla haijafaa kuliwa.

## Udongo, mbolea na mbegu

5. Udongo wangu ni kichanga kitupu, maji yanapita kama kwenye chujio. Nifanye nini?

Hali hii ni ya kawaida karibu kote ukanda wa pwani, na tiba yake ni vitu vilivyooza. Kwa kila mita moja ya mraba ya tuta, changanya karai moja lililojaa la samadi au mboji iliyoiva katika sentimita 20 za juu, na rudia kiasi cha nusu yake kila unapopanda upya. Joto letu huozesha mbolea za asili haraka, kwa hiyo usitarajie kwamba kazi ya mwaka jana bado ipo. Baada ya hapo funika udongo kwa nyasi au majani makavu, kwani tuta lililo wazi saa nane mchana huunguza mizizi ya juu.

Mboji inatengenezwa na vitu ambavyo kila nyumba inatupa: maganda ya ndizi na viazi, majani yaliyofagiliwa, machicha ya nazi, majivu kidogo. Nyama, mifupa na mabaki ya samaki visiwekwe, maana vitaita panya na mbwa. Rundo likigeuzwa kila wiki mbili na kulindwa lisikauke, huwa tayari baada ya miezi miwili au mitatu. Mboji iliyoiva hunuka kama udongo baada ya mvua ya kwanza. Ikinuka uozo, bado.

6. Kinyesi cha kuku na samadi ya ng'ombe, ipi bora?

Kinyesi cha kuku kina naitrojeni nyingi zaidi na hukuza majani upesi, lakini kikiwekwa kibichi huunguza miche. Kinatakiwa kurundikwa, kuloweshwa na kuachwa kwa wiki sita angalau, kisha kutumiwa kwa kiasi cha theluthi moja ya kile ambacho ungeweka cha samadi ya ng'ombe. Samadi ya ng'ombe ni ya upole na huboresha udongo wa kichanga kwa muda mrefu zaidi, ila mara nyingi huja na mbegu za magugu. Nikiwa na uwezo wa kuchagua, naweka samadi wakati wa kuandaa tuta na kinyesi cha kuku kilichoiva baada ya kila mchumo. Samadi mbichi ya aina yoyote isiguse mboga zinazoliwa bila kupikwa.

7. Nitajuaje kwamba mbegu za dukani ni nzuri?

Soma pakiti kabla ya kulipa. Inatakiwa kuonyesha aina ya mbegu, kiwango cha uotaji, tarehe ya kupimwa na mwisho wa matumizi, pamoja na alama ya Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu Tanzania, inayojulikana kama TOSCI. Mbegu zinazopimwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililofunguliwa na kuachwa juani zinaweza kuwa nzuri, lakini hakuna njia ya kuzijua kwa macho. Njia ipo nyumbani: weka mbegu 20 juu ya kitambaa chenye unyevu, kikunje, kiweke mahali penye kivuli, na uhesabu baada ya siku tano hadi saba. Zikiota chini ya 12, ama rudisha ama panda kwa wingi zaidi.

Kwa nyanya zisizo chotara, Tanya na Tengeru 97 ni aina zilizotolewa nchini mwaka 1997 na ambazo bado zinaaminiwa na wakulima wengi.

8. Naweza kutunza mbegu zangu mwenyewe?

Ndiyo, kwa mchicha, bamia, nyanya chungu na nyanya zisizo chotara. Acha mimea mitatu au minne iliyo bora kabisa ikomae hadi mwisho; kosa la kawaida ni kula mizuri na kuacha dhaifu itoe mbegu. Mbegu za nyanya huachwa na maji yake kwenye kikombe kwa siku mbili ili ule utando unaoteleza uachie, kisha huoshwa na kuanikwa kivulini. Mbegu za pakiti iliyoandikwa chotara au F1 zitaota, lakini mazao yake hayatafanana na ya mama.

9. Nimesia mchicha na haukuota kabisa. Kosa liko wapi?

Mara nyingi umefukiwa mno. Mbegu ya mchicha ni ndogo kuliko ya ulezi, na ikizikwa zaidi ya sentimita moja huishiwa nguvu kabla haijafika juu. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na ngumi tatu za mchanga mkavu ili zisambae sawasawa, zimwage kwenye mifereji myembamba, pitisha kiganja juu kana kwamba unafuta vumbi, kisha funika kwa nyasi nyepesi. Mwagilia kwa keni yenye matundu madogo, kamwe si kwa ndoo. Siku ya tatu inua nyasi uchungulie, na ukiona vidole vya rangi nyekundu au kijani vimejitokeza, ziondoe zote jioni hiyo hiyo.

Sababu ya pili ni sisimizi. Mwaka mmoja niliamini nimeuziwa mbegu mbovu, hadi asubuhi moja nilipochuchumaa kando ya tuta na kuona msururu wao ukiondoka, kila mmoja akiwa na kitone cheusi kinachong'aa mdomoni. Mzingo wa majivu kuzunguka tuta, unaowekwa upya kila baada ya kumwagilia, uliwazuia.

10. Bustani ya gunia inatengenezwaje?

Chukua gunia la sandarusi, kunja mdomo wake kwa nje, na tafuta kopo kubwa lililotobolewa juu na chini. Simamisha kopo katikati ya gunia, lijaze kokoto, na jaza udongo kuzunguka kopo hilo. Kisha livute juu kokoto zikiwa zimebaki mahali pake, na urudie hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo inayopeleka maji hadi chini, na gunia lisilo nayo hukauka juu huku likioza kitako. Udongo wake uwe sehemu tatu za udongo, mbili za samadi na moja ya mchanga.

Toboa matundu ubavuni kwa kupishana, sentimita 15 hadi 20 kati ya moja na jingine, na upandikize humo miche ya sukuma wiki au spinachi. Juu panda vitunguu vya majani au pilipili. Sandarusi hupukutika kwa jua, kwa hiyo liweke gunia mahali ambapo utaweza kulihudumia bila kulihamisha, na tarajia kulibadilisha baada ya mwaka mmoja hivi.

## Maji

11. Maji ya kisima changu yana chumvi. Je, bustani haiwezekani?

Inawezekana kwa kuchagua mazao. Spinachi huvumilia chumvi kuliko mboga karibu zote tulizo nazo, na mchicha hufuata kwa karibu. Maharage, karoti na pilipili hudumaa mapema. Dalili ni kingo za majani kuungua kama zimepitiwa na moto, na utando mweupe juu ya udongo uliokauka.

Ukitumia maji hayo, mwagilia udongo na si majani, mwagilia kwa wingi mara chache badala ya kidogo kidogo kila saa, na acha masika yasafishe tuta. Wakati wa mvua kinga maji ya bati kwenye pipa lenye mfuniko na uyahifadhi kwa ajili ya miche pekee, kwa kuwa mche ndio unaoumia kwanza.

12. Naweza kumwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo?

Maji ya kusuuzia mchele, mboga na matunda ni mazuri na yasimwagwe kamwe. Maji ya sabuni ya vyombo yatumike kwa migomba na mipapai badala ya mboga, na yasitumike mfululizo mahali pamoja. Maji yenye dawa ya kuondoa madoa, pamoja na yale yaliyofuliwa nepi, yasifike bustanini kabisa.

## Wadudu na magonjwa

13. Kwa nini nyanya zangu hunyauka au kuoza kila msimu?

Kunyauka kwa ghafla mmea ukiwa bado wa kijani kwa kawaida ni mnyauko bakteria. Kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi na ulishike bila kulitikisa. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka mahali ulipokata, huo ndio ugonjwa wenyewe. Hauna dawa. Ng'oa mmea, usiuweke kwenye mboji, na kwa misimu mitatu angalau usipande hapo nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo. Kama shina halitoi nyuzi lakini mizizi ina vinundu kama shanga, hao ni minyoo fundo, wanaopenda sana udongo wetu wa kichanga. Ongeza mboji kwa wingi na ubadilishe zao.

Matundu kwenye tunda na michirizi myeupe ndani ya jani ni kazi ya kanitangaze, nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini aliyeingia Tanzania mwaka 2014 na kuwatia hasara wakulima wengi. Kwenye bustani ndogo unaweza kumdhibiti kwa kuchuma na kuzika majani yaliyoshambuliwa kila siku mbili, jambo ambalo mkulima wa ekari mbili hawezi kulimudu. Madoa ya kahawia wakati wa masika ni bakajani, na kinga bora kwetu ni kutopanda nyanya masika.

14. Sukuma wiki yangu imejaa vidukari. Ninyunyizie nini?

Kwanza vifute kwa vidole na maji asubuhi, siku tatu mfululizo, kwa kuwa makundi mengi huishia hapo. Vikirudi, twanga kilo moja ya majani ya mwarobaini, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja, tia sabuni ya maji kidogo, na unyunyize jioni chini ya majani. Rudia kila wiki. Osha mboga vizuri kabla ya kupika, maana uchungu wa mwarobaini unabaki. Viuatilifu vya dukani kwa bustani ya matuta matatu sioni haja yake, na mtu anayelisha watoto wake kutoka humo afikirie mara mbili.

## Kununua kwa wakulima wa jirani

15. Mkulima wa jirani ni nani hasa? Kabichi ya Lushoto inahesabika?

Kwa mboga za majani, ni yule ambaye mboga yake inafika kwako siku ile ile iliyokatwa: wa mabonde ya mjini, Kigamboni, Mkuranga, Kibaha, Bagamoyo. Kwa mazao mengine, ujirani ni wa nchi. Kabichi na karoti za Lushoto na Mgeta, nyanya za Ilula, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na Mang'ola vinalimwa na wakulima wadogo, katika udongo na baridi ambavyo sisi hatuna. Kumnunulia mkulima wa Lushoto ni kununua kwa jirani, na muhimu ni kiasi gani cha bei unayolipa kinafika kwake (tazama swali la 18).

16. Nitanunuaje moja kwa moja kutoka bustanini?

Uende alfajiri. Katika bustani nyingi za mabondeni mchicha hauuzwi kwa fungu bali kwa tuta: mchuuzi, ambaye mara nyingi ni mwanamke, anafika kabla jua halijatoka, anapatana bei ya tuta zima, anang'oa mwenyewe, anaosha mizizi na kufunga, kisha anabeba beseni kichwani na kuanza kupita mitaani akiita. Mteja mmoja wa kaya hawezi kulimaliza tuta, kwa hiyo ungana na majirani watatu au wanne, au umwombe mkulima akukatie kiasi kidogo upande ambao haujauzwa.

Salamu ina nafasi yake hapa. Anayefika akasema, «Shikamoo mzee, habari za kazi?» akasubiri mzee atue keni zake mbili kabla ya kuuliza bei, huhudumiwa tofauti na anayepiga honi barabarani. Baada ya wiki chache mkulima atakupigia simu mwenyewe bamia zikiwa tayari. Nenda na kikapu, kwani mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na matenga ya shambani si ya kuondoka nayo.

17. Mchicha wa mabondeni ni salama?

Inategemea maji, na kila bonde lina maji yake. Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander, na njiani unapokea majitaka ya viwanda na makazi. Watafiti waliopima mboga za kandokando yake na ya mto Sinza tangu miaka ya 1990 walikuta metali nzito, ikiwemo risasi na kadimi. Kuosha kunaondoa matope, mayai ya minyoo na vijidudu vingi, na kupika kunaua vilivyobaki, lakini metali iliyokwisha kuingia ndani ya jani haitoki kwa maji wala kwa moto.

Kwa hiyo muulize mkulima, bila kumtuhumu, anamwagilia kwa maji gani: ya mto, ya kisima alichochimba mwenyewe, au ya bomba. Tazama keni zinachotwa wapi. Mimi nanunua kwa wenye visima vilivyo mbali na mto na mitaro ya viwanda, na nawalipa zaidi kidogo bila kuombwa, kwa sababu kuchimba kisima ni gharama iliyotoka mfukoni mwao. Mkulima wa kando ya mto hakuyachafua maji yale. Aliyeyachafua yuko juu ya mkondo, na lawama zote tunazimwagia aliyeshika keni.

18. Lumbesa ni nini, na inanihusu vipi mimi mnunuzi wa kilo mbili?

Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba cha wavu au cha gunia jingine juu. Mkulima analipwa kwa hesabu ya gunia, kumbe amebebesha gunia moja na nusu. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza ujazo huo, kifungashio cha mazao hakitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kuisimamia. Desturi haijafa, hasa kwa viazi na vitunguu, kwa sababu mkulima mwenye mzigo unaooza hana nguvu ya kubishana na mwenye lori.

Inakuhusu kwa sababu hiyo ndiyo njia ambayo bei yako inamkwepa mkulima. Familia kumi zikichanga fedha na kuagiza viazi kwa kilo, vikapimwa kwenye mizani vikiwa bado shambani, mkulima hulipwa kila kilo aliyoitoa. Si lazima ufanye hivyo kila wiki. Mara mbili kwa mwaka, wakati wa mavuno, inatosha kwa vitu vinavyohifadhika.

19. Nimuulize mkulima nini kuhusu dawa za wadudu?

Maswali mawili: amepiga dawa gani, na lini. Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna, zilizoandikwa kwenye chupa, na tatizo kubwa la mboga za majani ni kwamba mchicha wa wiki tatu hauna nafasi ya kusubiri wiki mbili. Mkulima anayekumbuka tarehe bila kusitasita ni wa kumshika.

20. Nikilima mwenyewe, je, sitamkosesha riziki mama wa genge?

Ni swali zuri, na wanaoliuliza ni watu wenye utu. Kwangu matumizi ya gengeni hayakupungua, yalibadilika. Ninachookoa kwenye mchicha nakiongeza kwenye nyanya, nazi, ndimu na vitunguu, ambavyo navinunua kwa mama yule yule bila kupunguziwa bei. Zaidi ya hapo, genge linakopesha mtaa mzima mwisho wa mwezi, kazi ambayo bustani haiwezi kuifanya.

## Hali za pekee

21. Nimepanga, na mwenye nyumba hataki nichimbe. Au naishi ghorofani.

Tumia magunia (swali la 10), ndoo zilizopasuka na madumu yaliyokatwa, yote yakiwa na matundu chini. Ukihama, unahama nayo. Ghorofani angalia mambo mawili: maji yanayochuruzika yasimfikie wa chini, na uzito wa gunia lililolowa, ambao ni mkubwa kuliko unavyodhani, usiwekwe kwenye ukingo wa kibaraza. Matairi ya zamani siyatumii kwa mboga za kuliwa, kwa kuwa kemikali zake zikiachia kwenye joto letu zinaishia kwenye udongo unaotulisha.

22. Naruhusiwa kulima kando ya mto au mtaro ulio karibu na nyumbani?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha mazingira hayo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa bahari. Ndani ya kiwanja chako mwenyewe mboga hazina kikwazo, lakini kwa eneo la wazi la mtaa anza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla hujatia jembe, na uombe makubaliano ya maandishi.

23. Kuku wa jirani wanafukua matuta. Nifanye nini bila kugombana?

Zungushia wavu wa kuvulia uliochakaa, urefu wa mita moja, ukiegemezwa kwenye vijiti vya mlonge ambavyo baadaye vitachipua na kuwa mboga. Kisha mwombe jirani kinyesi cha kuku hao, umpelekee matembele. Kwetu ugomvi wa miaka miwili uliishia hapo.

24. Nikivuna zaidi ya tunavyokula?

Mgawie jirani kwanza. Kisamvu, majani ya maboga na mnavu hukaushwa baada ya kuchemshwa kidogo na kuanikwa kivulini. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vizuri kabla ya kuliwa, kwani kikiwa kibichi kina sumu. Kuuza ziada gengeni kunawezekana, ila usishushe bei chini ya ile ya wakulima ambao hiyo ndiyo kazi yao.

25. Mkulima ninayemnunulia ameambiwa aondoke bondeni. Nifanye nini?

Hili linatokea mara kwa mara, kwa sababu wakulima wengi wa mjini wako kwenye viwanja vya watu, hifadhi za barabara, chini ya nyaya za umeme, au mabonde yaliyotengewa miradi kama ule wa bonde la Msimbazi. Hawana hati, na tuta lenye mbegu za wiki mbili halihesabiwi kama mali.

Muulize kwanza amepewa muda gani na ana nini ardhini. Wateja wake wakinunua matuta yote kabla ya siku hiyo, hata kama ni mboga za kukausha, ataondoka na mtaji wa kuanzia mahali pengine. Aliyekuwa akinikatia spinachi kwa miaka minne aliondoka hivyo. Tulinunua matuta yake 11 kwa siku tatu, na jioni ya mwisho alikata marando ya matembele, akayafunga mafurushi mawili kwa kamba ya mgomba, moja akaondoka nalo kuelekea Mkuranga na jingine akaniachia. Uliza pia mtaani kwako kama kuna kiwanja kilichozungushiwa ukuta bila kujengwa. Wenye viwanja hivyo hulipa watu wa kufyeka nyasi na kulinda, na baadhi yao wamekubali mkulima alime humo kwa makubaliano ya maandishi ya mwaka mmoja mmoja, yanayosema wazi kwamba atapewa notisi ya miezi mitatu, muda unaotosha kuvuna hata nyanya.